Toyota IST kama gari la kwanza: tathmini kwa kijana anayejiandaa kununua

Kijana anayepata ajira yake ya kwanza Dar es Salaam, Arusha au Mwanza na kuanza kuweka akiba ya gari atatajiwa Toyota IST kabla hajamaliza kuuliza. Atatajiwa na shemeji yake, na mwenzake wa ofisini, na fundi wa mtaani, na dalali atakayemkuta amesimama nje ya yadi ya magari. Nimeitumia IST kwa miaka kadhaa na nimewasindikiza wadogo zangu kwenda kukagua magari ya aina hiyo, na jibu hilo naliunga mkono, isipokuwa sababu zinazotolewa siziungi mkono zote. IST si gari imara kuliko mengine yote ya daraja lake, wala si gari linalotumia mafuta kidogo kuliko yote. Faida yake kubwa kwa mtu asiyejua magari ni kwamba kila ugonjwa wake unajulikana, kila gereji ina fundi aliyewahi kuufungua mguu wake wa mbele, na kipuri chake kinapatikana Kariakoo au Ilala siku hiyohiyo. Hata hivyo umaarufu huohuo umepandisha bei yake kupita thamani, na umewapa wauzaji wasio waaminifu soko la uhakika la kuuzia magari yaliyochoka.

Toyota ilianza kuiuza IST nchini Japani mwaka 2002, ikiwa imejengwa juu ya msingi uleule wa Vitz lakini ikiwa na bodi iliyonyanyuka kidogo na rimu za inchi 15. Hicho ndicho kizazi kilichojaa barabarani kwetu. Mwaka 2007 kikafuata kizazi cha pili, kipana na kizito zaidi, ambacho Ulaya kiliuzwa kwa jina la Urban Cruiser na Marekani kwa jina la Scion xD, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 2016. Kwa hiyo IST inayoitwa mpya katika matangazo ni ile iliyoshuka melini hivi karibuni na haijawahi kusajiliwa nchini. Umri wake ni uleule wa gari lililofanya kazi Japani kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Kwa ndugu zetu wa Kenya, ambako magari yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa, kizazi cha kwanza kilishafungiwa mlango zamani, na tathmini hii itawafaa zaidi katika sehemu ya ukaguzi kuliko sehemu ya kodi.

Kabla ya kutazama rangi na rimu, mnunuzi asome herufi na tarakimu za mwanzo za namba ya chasi, kwa sababu ndizo zinazosema gari ni lipi hasa. NCP60 ni kizazi cha kwanza chenye injini ya lita 1.3, NCP61 ni cha lita 1.5, na NCP65 ni cha lita 1.5 chenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Katika kizazi cha pili, NCP110 ni lita 1.5, NCP115 ni ileile yenye magurudumu manne, na ZSP110 ni lita 1.8. Kwa mtu mmoja anayekwenda kazini na kurudi, lita 1.3 inatosha kabisa. Anayebeba familia, au anayeishi mahali penye miinuko mirefu na anapenda kuwasha kiyoyozi muda wote, atafurahia lita 1.5, na kwa bahati nzuri kiwango cha ushuru wa bidhaa ni kimoja kwa zote mbili, kwa kuwa ziko kati ya sentimita za ujazo 1,001 na 2,000. Magurudumu manne simshauri mtu wa Dar es Salaam kuyanunua, kwani yanaongeza uzito, difu ya nyuma na gharama bila kumpa chochote katika foleni ya Morogoro Road. Anayeishi kwenye matope ya Lushoto au Njombe ana sababu ya kufikiria tofauti.

Tofauti ambayo wauzaji huikwepa ni ya gia boksi. Kizazi cha kwanza kina gia boksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne, ambayo ikibadilishiwa oili kwa wakati, tena oili ya aina ya T-IV, inadumu miaka na miaka. NCP110 ya kizazi cha pili ina gia boksi ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma na oili yake maalumu. Fundi asiyejua tofauti hiyo akiijaza oili ya gia boksi ya kawaida, mwenye gari atalipia gia boksi nyingine, na hiyo si hasara ndogo kwa mtu anayeanza maisha. Ndiyo maana, ingawa kizazi cha pili kinapendeza zaidi na kina nafasi kubwa zaidi ndani, gari la kwanza la kijana ninalolipendekeza ni NCP61 au NCP60 iliyotunzwa, hata kama mwaka wake unaonekana wa zamani kwenye kadi.

Uendeshaji wake ni mwepesi. Usukani unasaidiwa na mota ya umeme, kwa hiyo hakuna pampu ya oili ya kuvuja, na gari linageuka kwa urahisi katika vichochoro vya Sinza na Tandika ambako gari refu lingelazimika kurudi nyuma mara mbili. Dereva anakaa juu kidogo kuliko katika Vitz, na anayejifunza kuegesha ataona pembe za gari vizuri. Katika kizazi cha kwanza saa za mwendo na mafuta zimewekwa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva, jambo ambalo humsumbua mtu wiki ya kwanza tu. Buti ni dogo. Sanduku moja kubwa la safari na mfuko wa mchele vikishaingia, mengine yatakaa kiti cha nyuma. Katika safari ndefu gari hili huchosha, kwa sababu kelele za matairi huingia ndani na upepo wa basi linalopishana nalo kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma hulisukuma kiasi cha kushtua, na kijana asidanganywe na wepesi wake akalipeleka mwendo wa basi. Matumizi ya mafuta yanategemea mguu na foleni: mjini nimezoea kuona kati ya kilometa 11 na 13 kwa lita, na nje ya mji zaidi kidogo. Anayepiga hesabu ya mwezi aangalie bei elekezi ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huzitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, azidishe kwa safari zake halisi za kazini na kanisani au msikitini, kisha aongeze, maana ndugu na jamaa wataomba kupelekwa hospitali na harusini na hatawakatalia.

Redio iliyokuja na gari kutoka Japani haishiki stesheni zetu nyingi, kwani Japani masafa yao ya FM yanaanzia megahezi 76 na redio za zamani huishia 90. Hilo ni dogo. Lisimfanye mtu akatae gari zuri, wala redio mpya yenye skrini kubwa isimfanye akubali gari bovu, ingawa nimeona mara nyingi skrini hiyo ikiuza gari ambalo injini yake haikuweza kulifanya liuzike.

Penye udhaifu wa kweli ni miguu ya mbele. Shokapu, bushi za wishiboni, boljointi na zile fito ndogo za stebilaiza huchoka upesi kwa matuta na mashimo yetu, na dalili yake ni mlio wa kugonga gari linapopita polepole kwenye barabara ya changarawe. Maunti za injini, ile mipira inayoishikilia, nazo hukatika, na gari likiwa limesimama na gia ya D huku breki imekanyagwa, usukani na viti hutetemeka. Vyote hivi vinatengenezeka na havipaswi kumkimbiza mnunuzi, ila kila kimoja kiwe sababu ya kushusha bei. Ugonjwa unaopaswa kumkimbiza ni injini inayokula oili. Injini hizi zinatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, jambo jema, lakini zilizopitisha muda mrefu bila kubadilishiwa oili pete za pistoni hujaa masizi na oili huanza kuungua pamoja na mafuta. Injini ya lita 1.3 au 1.5 inachukua takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta; anayeambiwa na muuzaji kwamba kuongeza lita moja kila baada ya wiki chache ni kawaida ya IST, aage kwa heshima na kuondoka.

Sasa kuhusu njia ya kununua. Njia ya kwanza ni kuagiza mwenyewe Japani kupitia kampuni kama BE FORWARD au SBT, ambazo vijana wengi huzipitia kila usiku kwenye simu. Bei inayoonekana hapo kwanza ni ya gari likiwa bandari ya Japani, kabla ya nauli ya meli na bima, na kuna umbali mrefu kutoka bei hiyo hadi gari kusimama mlangoni. Tuchukue mfano wa gari ambalo TRA, Mamlaka ya Mapato, imelithamini kwa shilingi 10,000,000 likifika Dar es Salaam, gharama za meli zikiwemo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 2,500,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ukikokotolewa juu ya jumla hiyo, ni 625,000. Gari likiwa limezidi miaka 10, kama ilivyo kwa IST zote za kizazi cha kwanza, linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, ambao ni 3,750,000. Juu ya jumla ya vyote hivyo inawekwa VAT ya asilimia 18, yaani 3,037,500. Jumla ya kodi hizo nne ni 9,912,500, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, na bado hazijahesabiwa tozo ndogondogo, usajili, gharama za bandari na malipo ya wakala wa forodha. Ni muhimu kuelewa pia kwamba TRA haifuati lazima bei iliyo kwenye ankara ya muuzaji. Ina kikokotoo chake mtandaoni ambacho kila mtu anaweza kukifungua, akachagua aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, na kuona kodi atakayodaiwa. Kijana aanze na kikokotoo hicho, halafu ndipo aangalie picha za magari. Mwaka unaotumika ni wa kutengenezwa kwa gari, na gari lililotengenezwa mwishoni mwa mwaka mmoja huweza kusajiliwa Japani mwaka unaofuata, kwa hiyo tangazo na kadi vinaweza kutofautiana.

Faida ya kuagiza ni karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani hupitia minadani, ambako mkaguzi huandika daraja la gari na kuchora kila mkwaruzo na kila paneli iliyobadilishwa. Daraja 4 ni gari zuri kwa umri huu, 3.5 linakubalika, na R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji akiombwa karatasi hiyo akaanza kuzungukazunguka, amekwisha kujibu.

Njia ya pili ni yadi, ambako gari limekwisha kulipiwa kodi na mtu analiona kwa macho yake, akilipia usumbufu ambao mwingine amempunguzia. Njia ya tatu ni gari la mkononi, ambako tofauti ya bei kati ya namba D za mwanzo, yaani gari ambalo herufi zake za usajili zinaanza na D, na gari lililotoka bandarini ni mamilioni kadhaa, na kwa kijana mwenye akiba ndogo ndiyo njia ya kweli. Katika njia hii kuna hatari moja inayohusu IST kuliko gari jingine lolote: nyingi zimefanya kazi ya teksi za mtandaoni, mchana na usiku, kwa madereva wa kupokezana wanaorejesha hesabu kwa mwenye gari. Zikiuzwa husafishwa, hufunikwa viti vipya na kupigwa rangi. Mnunuzi avue kava la kiti cha dereva atazame kitambaa cha chini na ukingo wa upande wa mlango, aguse mpira wa pedeli ya breki, na afungue na kufunga mlango wa nyuma wa kushoto, ule ambao abiria huutumia zaidi. Gari la mtu mmoja huwa na mlango huo ukifunga kama mpya.

Ukaguzi ufanyike asubuhi, injini ikiwa baridi, na mnunuzi aweke mkono juu ya boneti kabla ya kusalimiana kwa kirefu. Gari likiwa tayari na joto, kuna mtu amekwisha kuliwasha ili moshi wa kwanza utoke asiwepo wa kuuona. Nilipomsindikiza binti wa dada yangu kwenye yadi moja, gari lilikuwa linang'aa, kilometa kwenye dashibodi zilisomeka 68,000, na muuzaji alizungumza kwa utulivu wa kumridhisha mtu yeyote. Fundi tuliyekwenda naye hakuangalia injini kwanza. Alifungua mlango wa dereva, akainama, akasoma stika ndogo iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango na gereji ya Japani ilipobadilisha oili mara ya mwisho. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu: 131,000, na tarehe ya miaka kadhaa nyuma. Kilometa za dashibodi zilikuwa zimerudishwa na hakuna aliyekumbuka kubandua karatasi yenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Binti alimshukuru muuzaji, na tukaondoka. Fundi wa namna hiyo alipwe vizuri, na alipwe na mnunuzi mwenyewe kabla ya kazi, kwa sababu anayengoja asante kutoka kwa muuzaji hawezi kumwambia mnunuzi ukweli.

Matairi nayo yana tarehe. Ubavuni, mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri, yaani ambalo mikato yake bado haijaisha, lakini lililokaa miaka mingi hupasuka kwenye lami ya joto, na hili nalisisitiza kwa sababu ya vijana tunaowazika.

Jambo jingine la usalama ambalo yadini halitajwi ni mifuko ya hewa. Mamilioni ya magari ya miaka hiyo yalifungwa vifyatuzi vya Takata, ambavyo kemikali yake huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, hali ambayo mji kama Dar es Salaam au Tanga unayo mwaka mzima, na vikilipuka vinaweza kurusha vipande vya chuma kumwelekea dereva. Toyota ya Japani ina ukurasa wa kuingiza namba ya chasi na kuona kama gari liliitwa kufanyiwa marekebisho na kama yalifanyika. Mwombe anayejua kutumia tafsiri ya simu akusaidie kuusoma kabla hujalipa.

Kuhusu mbadala, Passo ya lita 1.0 haitozwi ule ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, hula mafuta kidogo kuliko IST na inamfaa anayezunguka mjini peke yake, ingawa injini yake ya silinda tatu hutetemeka na kulemewa mlimani. Vitz ina vipuri vingi vilevile na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko IST ya hali ileile, na ningeitazama kwanza. Crown, ambayo vijana wengi wanaiota, ni gari zuri, lakini injini yake ya lita 2.5 inapandisha ushuru wa bidhaa hadi asilimia 10, na mafuta, matairi na vipuri vyake vinamtaka mtu mwenye kipato kilichotulia. Kununua Crown kwa mkopo wa mshahara wa kwanza ni kujifunga miaka ambayo kijana alipaswa kununua kiwanja.

Bei ikishakubaliwa, abakize fedha. Mwezi wa kwanza gari la mkononi litataka oili na filta zote, plagi, oili ya gia boksi, pedi za breki na pengine shokapu mbili, na anayemaliza akiba yake yote siku ya kununua ataanza kuendesha gari ambalo hawezi kulihudumia. Pia achore namba za usajili kwenye vioo vya pembeni na taa, kwani vioo vya IST ni windo la wezi wa usiku.

Halafu karatasi. Namba ya chasi na ya injini zilinganishwe na kadi halisi ya gari, si nakala. Jina la kwenye kadi liwe la mtu anayeuza, au awepo mwenye jina hilo na kitambulisho chake. Madeni ya trafiki yaangaliwe kwa namba ya gari katika mfumo wa polisi kabla ya kulipa, mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mara moja bila kusubiri mwezi ujao, kwani muuzaji akifariki au akihama, kadi iliyo kwa jina lake itamtesa mnunuzi. Kwa bima, ile ndogo inawalipa wengine tu gari likisababisha hasara. Kijana ambaye gari ndiyo mali yake kubwa anunue bima kubwa kwa miaka miwili ya kwanza angalau, akiwa bado anajifunza foleni, na baada ya kulipa aingize namba ya gari katika mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ahakikishe kwamba bima aliyouziwa inasomeka.